Ashera alikuwa ndani ya hekalu

Mwandishi wa makala niliyosoma kuhusu imani ya Waisraeli wa kale anasema Waisraeli walijua tangu Abrahamu kwamba hakuna mungu mwingine, na kwamba sanamu zililetwa na wageni tu. Biblia yenyewe haisemi hivyo. Someni Waamuzi 11:24: Yeftha, kiongozi wa Israeli, anamwambia mfalme wa Waamoni akae na alichopewa na Kemoshi mungu wake, nao Israeli watakaa na walichopewa na BWANA. Kila taifa na mungu wake! Kisha 2 Wafalme 23: mfalme Yosia wa Yuda anaitoa sanamu ya Ashera, mungu mke, ndani ya hekalu lenyewe, Yerusalemu, mahali ambapo wanawake walikuwa wakimfumia mapazia. Huyo si mgeni wa juzi. Na kule Kuntillet Ajrud, jangwani Sinai, ulichimbuliwa mtungi wa mwaka 800 KK hivi wenye baraka kwa jina la Yahwe (yaani BWANA) wa Samaria na Ashera wake (wataalamu bado wanabishana kama hapo ni mungu mke au nguzo ya ibada).

Mimi ni Mkristo, na inaniuma vijana wetu wanapofundishwa historia iliyopakwa rangi. Kauli kwamba hakuna mwingine kabisa inasikika kwa nguvu zote katika Isaya 45, enzi za Koreshi mfalme wa Uajemi, hekalu likiwa limeshabomolewa na watu wako uhamishoni Babeli.