Mkalimani wa Msibani

Shemeji yetu Mwingereza aliposimama msibani kusema mawili matatu, macho yote yakanigeukia mimi. Mtaani wananijua: kamusi ya asili ya maneno ya Kiingereza naisoma kama wenzangu wanavyosoma magazeti ya michezo.

Akasema marehemu babu alikuwa "kind". Nikatafsiri: mwema, mwenye huruma. Ningeishia hapo, lakini elimu ikishajaa lazima imwagike. Nikaongeza kuwa neno hilo ni tumbo moja na "kin", yaani ukoo. Mwema ni yule anayekutendea kama damu yake. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nikanogewa.

Akasema tena, babu alikuwa "nice". Nikawaeleza kwamba hilo asili yake ni Kilatini, nescius, asiyejua kitu, na miaka ya 1300 huko kwao ukimwita mtu hivyo umemwita mjinga. Bibi mjane akaacha kulia papo hapo. Akampandisha shemeji macho toka viatu hadi kipara.

"Nani mjinga? Mume wangu?"

Nikaona niokoe jahazi. Shemeji wa watu, hana hili wala lile, akamalizia kwa kuwapa pole "the bereaved". Nikadaka: wafiwa! Na kwa Kiingereza cha kale, maana yake ni walioporwa. Mporaji mwenyewe ni kifo.

Tatizo kipaza sauti kilikata kwenye "walioporwa". Kifo hakikusikika.

"Wafiwa wameporwa!" Habari ikafika jikoni kabla sijashusha mkono. Sufuria la pilau likaachwa motoni, akina mama wakakagua mikoba, vijana wakafunga geti, ami akatuma mtu kwa mgambo. Mzee mmoja akadai rambirambi zihesabiwe upya, sasa hivi, hadharani.

Daftari likaletwa. Mweka hazina wa kamati, aliyekuwa ametulia tuli tangu asubuhi, akaanza kutokwa jasho kivulini. Hesabu haijafika ukurasa wa pili, akajipapasa mfuko wa ndani wa koti, akatoa noti tano za elfu kumi kumi, zimekunjwa vidogo kama hirizi.

"Hizi nilizitenga za maji ya kunywa," akasema.

Maji tulikuwa tunachota kisimani kwa jirani, bure.

Shemeji akaninong'oneza, kulikoni? Nikamwambia hotuba yake imewagusa sana.