Ndoo ya pili inataka gari la pili

Ukipika pilau ya watu wanane siku ya Jumapili, ndoo ya uchafu inajaa kabla nyama haijaiva. Maganda ya viazi na vitunguu, machicha ya nazi, matumbo ya samaki wa jana usiku, maganda ya ndizi walizokula watoto huku wakisubiri. Vyote vibichi, vyote vina maji. Unafunga kwenye kiroba, unasubiri gari la taka linalosemekana litapita Jumanne. Kwa joto la Dar es Salaam, Jumatatu jioni kiroba kimeshaanza kuchuruzika. Gari lisipotokea Jumanne, Jumatano kina funza, na paka wa mtaa mzima wanaujua mlango wako.

Ndiyo maana kila likizungumzwa suala la kukusanya mabaki ya chakula peke yake, nyumba kwa nyumba, mimi hutega sikio. Wazo lenyewe halihitaji maelezo mengi. Kila nyumba iwe na ndoo mbili, ya vinavyooza na ya visivyooza. Vinavyooza vipitiwe mlangoni kwa siku zake, vikageuzwe mboji, gesi au chakula cha mifugo, badala ya kupakiwa kwenye lori na kwenda kurundikwa dampo.

Wako waliokwenda mbali na jambo hili. Korea Kusini ilipiga marufuku kufukia mabaki ya chakula mwaka 2005, na mwaka 2013 ikaanza kuwatoza watu kwa uzito: kwenye maghorofa ya Seoul mtu anagusisha kadi, pipa linafunguka, linapima, bili inakuja. Uingereza nayo, sheria ilizipa halmashauri za England hadi 31 Machi 2026 ziwe zinapita kila wiki kuchukua mabaki ya chakula majumbani, ingawa baadhi ziliongezewa muda. Huko mabaki mengi huingizwa kwenye matangi yasiyopitisha hewa, yakachachuka, ikatoka gesi ya kuzalisha umeme pamoja na uji wa mbolea wa kumwaga mashambani.

Je, hapa kwetu linafaa? Nilianza nikiwa upande wa ndiyo bila kusita. Bado niko upande huo, ila nimesogea nikakaa ukingoni.

Tuanze na dampo, maana Dar ina historia nalo. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kwa sababu ya moshi na harufu ya dampo lililokuwa jirani yao, mahakama ikaliamuru jiji liache kumwaga taka pale. Jiji likaomba muda, likapewa. Likaomba tena, na tena, mpaka mwaka 1991 jaji alipokataa, akisema kuwaweka watu katika hali ile ni kuwanyima haki ya kuishi iliyomo kwenye katiba. Magari yakageuza kwenda Kunduchi Mtongani, na mwaka huohuo wakazi wa huko nao wakafungua kesi, nao wakashinda. Tukaja Vingunguti, tukaja Mtoni, na leo tuko Pugu Kinyamwezi.

Sasa jiulize wale watu walikuwa wanakimbia nini hasa. Hawakukimbia chupa wala boksi. Chupa hainuki. Kinachonuka, kinachoita nzi, kinachotoa yale maji meusi yanayotiririka hadi kisimani kwa mtu, kinachotengeneza gesi inayoufanya moto wa dampo usizimike, ni chakula na majani, na hivyo ni zaidi ya nusu ya taka za majumbani mwetu. Gesi yenyewe ni methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 20 inalipasha joto anga zaidi ya mara 80 ukiilinganisha na kaboni dayoksaidi ya uzito uleule. Na usidhani madhara yake ni ya wajukuu tu. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima wa taka wa Kiteezi, pembeni ya Kampala, uliporomoka baada ya mvua, ukafukia nyumba za watu, na zaidi ya watu 30 wakafa.

Kuna na hoja ya mafuta, ambayo nashangaa haisemwi sana. Ganda la ndizi au la tikiti sehemu kubwa ni maji. Lori linalotoka Mbezi kwenda Pugu, likiwa limekwama kwenye foleni kwa muda wa saa mbili, linachoma dizeli kubeba maji. Na maji hayohayo njiani yameshalowesha maboksi na kuzichafua chupa ambazo waokotaji wa dampo wangeziuza kwa bei nzuri. Ukitoa chakula kwenye mzigo, kilichobaki kinakuwa kikavu, chepesi, na chenye mnunuzi.

Hoja zote hizo nilizijua nilipoamua tujaribu uani kwetu.

Nyumba yetu ina vyumba sita, wapangaji sita, bomba moja. Nilinunua ndoo ya kijani ya lita 20 yenye mfuniko, nikaiweka kando ya ile nyeusi ya zamani, nikapita chumba hadi chumba kueleza. Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu, hata harufu ilipungua. Wiki ya pili nikakuta pampasi ndani ya ndoo ya maganda. Nani kaweka? Hakuna. Jirani wa chumba cha nne anarudi kazini saa nane usiku, na usiku wa manane ndoo ya kijani na ndoo nyeusi zina rangi moja. Sikumlaumu sana. Nilitoa pampasi, tukaendelea.

Wiki ya tatu gari likaja. Kijana akaingia uani, akanyanyua ndoo zote mbili, moja kila mkono.

"Kaka, hiyo ya kijani ni ya maganda matupu," nikamwambia.

"Sawa mama," akasema, akatoka nazo, akamimina zote kwenye shimo lilelile.

Hakuwa na ubaya. Gari lilikuwa na tumbo moja, na dereva alikuwa anapiga honi. Lakini kazi ya wiki tatu iliishia pale, kwa sekunde kumi, mbele ya wapangaji wote waliokuwa wametoka kuangalia. Tangu siku hiyo, ukitaka watu wacheke uani kwetu, taja ndoo ya kijani.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema tatizo ni elimu. Semina zimefanyika, vipeperushi vimegawiwa, mapipa ya rangi tatu yamesimamishwa kwenye shule na ofisi na kupigwa picha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilikwisha kuzikabidhi serikali za mitaa jukumu la kuweka utaratibu wa kutenganisha taka zikiwa bado kwa mzalishaji. Mwananchi si mjinga. Anatenganisha mpaka siku aone zinachanganywa, halafu anaacha, na huyo ukimrudia na semina nyingine atakutazama tu. Ndoo ya pili bila gari la pili ni kumfanyia mtu dhihaka mlangoni pake.

Wengine wanapendekeza faini. New York walijaribu: kutenganisha mabaki ya chakula kulikuwa lazima kwa jiji zima tangu Oktoba 2024, faini zikaanza 1 Aprili 2025, na mwezi haukuisha zikawa zimesimamishwa kwa nyumba nyingi baada ya malalamiko. Huo ni mji ambao kila jengo lina anwani na mmiliki anayejulikana. Kwetu utampiga faini nani, mwenye nyumba aliyeko Moshi, au mpangaji wa chumba cha nne?

Hoja nyingine ya wapinzani ndiyo iliyonisogeza ukingoni. Wanasema huduma hiyo tunayo tayari, ila haina nembo wala sare. Na ni kweli. Nenda jioni nyuma ya hoteli yoyote kubwa ya chakula cha mchana, utaona pikipiki na madumu yake: ukoko, mifupa, ugali uliobaki, vyote vimeshapata mwenyewe, vinakwenda kwenye mabanda ya nguruwe pembezoni mwa mji. Muuza ndizi ana mtu wake wa ng'ombe anayechukua maganda. Halmashauri ikimpa mzabuni mmoja haki ya kuchukua kila kinachooza, hawa watu wanakuwa wezi wa takataka kesho asubuhi. Nimeona mambo ya zabuni mjini hapa, kwa hiyo hofu hiyo siichukulii kama kelele.

Ila mzunguko huo nao si wa kuachiwa hivihivi. Kirusi cha homa ya nguruwe ya Afrika kinaweza kukaa kwenye mabaki ya nyama ya nguruwe na kuingia bandani kupitia makombo yasiyochemshwa. Uingereza, mwaka 2001, mlipuko wa ugonjwa wa miguu na midomo ulifuatiliwa hadi shamba moja la nguruwe kule Northumberland lililokuwa likilisha mabaki ya chakula bila kuyachemsha inavyotakiwa. Wanyama zaidi ya milioni 6 waliuawa, na kulisha nguruwe makombo kukapigwa marufuku. Kwetu marufuku ya namna hiyo ingekuwa balaa kwa wafugaji wadogo. Kinachotakiwa ni kuhakikisha pipa linachemshwa, na bwana mifugo apite kuona.

Halafu tuseme umekusanya, umepata mboji. Nani atanunua? Manispaa ya Kinondoni ina kiwanda cha mboji Mabwepande, kilichotokana na udugu wa Dar na jiji la Hamburg, kwa hiyo jambo lenyewe linawezekana. Lakini mboji ni mzigo mkubwa wenye bei ndogo. Mkulima wa mahindi tangu 2022 anapata mbolea ya dukani kwa ruzuku, na mfuko mmoja wa hiyo unafanya kazi ya viroba vingi vya mboji. Mkulima wa mchicha wa bonde la Msimbazi ana samadi ya kuku karibu. Na mboji iliyotoka kwenye ndoo za watu kama sisi, zenye pampasi za siri na betri za redio, ina shida yake: mkulima akichomwa na kipande cha chupa mara moja, harudi. Pengine faida ya haraka zaidi iko kwa wanaofuga mabuu ya nzi askari weusi (black soldier fly) kwa ajili ya chakula cha kuku. Mabuu yanakula karibu kila kitu cha jikoni, yanakua kwa wiki mbili tatu, na yanaweza kushika sehemu ya nafasi ya dagaa ambao leo wanasagwa wakalishwa kuku wakati watu nao wanawataka.

Kwa hiyo ningefanyaje? Nisingeanza na nyumba. Ningeanza na masoko. Pale soko la Mahakama ya Ndizi huhitaji kumfundisha mtu kutenganisha. Karibu kila kilichoko chini ni kitu cha shamba, kiko sehemu moja, kila siku. Gari likijaa pale linakwenda moja kwa moja kwenye mboji bila kupitia vyumba sita vya mtu. Baada ya masoko, mahoteli na mama lishe, kwa kuwasajili wale wa pikipiki na madumu badala ya kuwafukuza.

Majumbani ningefika mwisho, na nisingekwenda na lori. Vinavyooza vinataka kuchukuliwa kila baada ya siku mbili, na lori haliingii Tandale wala Manzese. Guta la magurudumu matatu linaingia. Guta linabeba hadi kwenye kiwanja cha kata, hapo panapinduliwa mboji au panafugwa mabuu, na masalia ndiyo yanayofuatwa na lori. Na anayetoa ndoo safi apunguziwe ada ya mwezi, hata kama ni kwa kiasi kidogo, maana sasa tunalipa sawa, anayetenganisha na asiyetenganisha, gari limekuja au halikuja.

Najua swali linalofuata: kiwanja hicho cha kata kitakuwa jirani na nani? Wataalamu watasema mboji inayopinduliwa ipasavyo hainuki, na wanasema kweli. Tatizo liko kwenye hilo neno ipasavyo. Siku msimamizi atakapokosa mshahara miezi mitatu, rundo litalala, litaanza kunuka, na watu wa Tabata watakumbuka njia ya kwenda mahakamani. Sina jibu zuri la hapo zaidi ya kusema viwanja viwe vidogo na vingi, ili kimoja kikiharibika kisiharibu wilaya nzima.

Ndoo yangu ya kijani haikufa lakini. Mama mmoja wa kichochoro cha nyuma ana kuku wa mayai na bata wachache, akaja kuniomba niwe namwekea maganda na wali uliolala. Ana masharti kuliko halmashauri: hataki malimao, hataki miiba ya samaki, na chumvi ikizidi anarudisha. Mpangaji wa chumba cha nne anamwogopa, pampasi hatujaziona tena. Huja mwenyewe jioni kabla ya maghribi, Mwezi Mtukufu akachelewa kidogo, na sikukuu ameniletea mayai sita. Mvua za masika zikikaza kichochoro kinajaa maji, haji siku tatu, na ndoo inarudi kuchuruzika.