Kwa Nini Kaunti za Alabama Zipige Magoti Montgomery?

Kila mwaka, bunge la jimbo la Alabama, nchini Marekani, linapokaribia kufungua kikao chake mjini Montgomery, makamishna wa kaunti huketi kuandika maombi. Wanaomba sheria ya kupandisha ada za mahakama ili jela ikarabatiwe. Wanaomba ruhusa ya kubadilisha posho ya sherifu. Wanaomba kodi ndogo ya mauzo kwa ajili ya shule, au fedha kidogo za vikosi vya zimamoto vya kujitolea. Kisha wanawatafuta wabunge na maseneta wa jimbo wanaotoka eneo lao, wanawasomea orodha, na kusubiri.

Makamishna hao wamechaguliwa kwa kura kama walivyochaguliwa wabunge wanaoombwa. Wanaishi na watu wao, wanajua daraja lipi limebomoka na barabara ipi haipitiki mvua ikinyesha. Lakini hawana mamlaka ya kutunga sheria kuhusu mambo hayo. Nasema bila kuzunguka: utaratibu huu ni mbaya, unawaumiza wananchi wa kawaida, na umedumu kwa sababu wanaounufaikia ndio wenye uwezo wa kuubadilisha.

Msomaji wa Kenya akisikia kaunti anafikiria gavana, wawakilishi wadi na bunge la kaunti linalopitisha sheria zake chini ya Katiba ya 2010. Alabama mambo sivyo. Kaunti zipo 67, na kila moja ina tume ya makamishna, lakini tume hiyo inaweza kufanya yale tu ambayo jimbo limeiruhusu. Mahakama nyingi za Marekani zinafuata kanuni iliyowekwa na Jaji John Dillon wa Iowa mwaka 1868, kwamba serikali ya mtaa haina mamlaka yoyote isipokuwa yale iliyokabidhiwa na jimbo. Majimbo mengi yameilegeza kanuni hiyo. Jirani wa Alabama, Georgia, katiba yake inazipa kaunti uwezo wa kutunga kanuni kuhusu mali, shughuli na uendeshaji wao. Alabama imeishikilia kwa mikono miwili.

Ukitaka kuona jinsi inavyofanya kazi, fungua gazeti la kaunti yoyote ya Alabama, ukurasa wa matangazo ya kisheria. Katikati ya notisi za mirathi na mali zinazopigwa mnada utakuta tangazo la maandishi madogo linalosema kwamba mswada wa kaunti hiyo utapelekwa bungeni, pamoja na maelezo ya yaliyomo. Kifungu cha 106 cha Katiba ya jimbo kinataka tangazo hilo litoke mara moja kwa wiki, wiki 4 mfululizo, kabla mswada haujawasilishwa. Bila hivyo, sheria ni batili hata kama wabunge wote wameipitisha. Na muda wenyewe ni mfupi: kikao cha kawaida hakizidi siku 30 za kukutana, ndani ya siku 105 za kalenda. Kaunti iliyochelewa kutangaza hungoja mwaka mwingine.

Pale ambapo Katiba yenyewe inazuia jambo, sheria ya kawaida haitoshi. Inabidi Katiba ya jimbo zima ifanyiwe marekebisho kwa ajili ya kaunti moja. Ndiyo maana Katiba ya 1901 ilifikisha marekebisho zaidi ya 900, na sehemu kubwa yanahusu kaunti au mji mmoja tu: bingo katika kaunti hii, kodi ya kupambana na mbu katika ile. Mbunge mmoja tu wa popote akipiga kura ya hapana, marekebisho hayo hayaamuliwi tena na wakazi wa kaunti peke yao. Yanapelekwa kwa wapiga kura wa jimbo lote. Mvuvi wa Mobile, kwenye Ghuba ya Mexico, anajikuta akiamua jambo la kaunti iliyo kwenye mpaka wa Tennessee, ambayo pengine hajawahi kuikanyaga.

Haya hayakutokea kwa bahati mbaya. Mkutano wa katiba wa 1901 ulikuwa na wajumbe 155, wote wanaume Wazungu. Rais wake, John B. Knox, alitamka hadharani kwenye hotuba ya ufunguzi kwamba lengo ni kuweka utawala wa Wazungu ndani ya mipaka ambayo Katiba ya nchi inaruhusu. Walifanikiwa kuwanyang'anya kura Wamarekani Weusi karibu wote, na Wazungu maskini wengi wakaangukia humohumo. Kuyafungia mamlaka Montgomery kulikwenda sambamba na kazi hiyo, kwa sababu zilikuwepo kaunti ambazo Weusi ndio walio wengi, na wenye nguvu hawakutaka kuona siku ambayo kaunti hizo zitajitoza kodi na kujiamulia. Novemba 2022 wapiga kura waliidhinisha katiba iliyopangwa upya na kuondolewa lugha ya kibaguzi. Nilifurahi kwa hilo. Lakini mfumo wa kaunti kuomba ruhusa ulibaki vilevile. Wameyafuta maneno, nia ya 1901 wameiacha ifanye kazi.

Kaunti ya Jefferson, ambako ndiko liliko jiji la Birmingham, ndiyo kaunti yenye watu wengi kuliko zote Alabama, na ndiyo inayonionyesha hasara hii waziwazi. Kwa miaka mingi iliendesha shughuli zake kwa kutegemea kodi ya ajira, asilimia ndogo iliyokatwa kwenye mishahara ya watu wanaofanya kazi ndani ya kaunti. Bunge la jimbo liliifuta mwaka 1999, kesi zikafuata, na mwaka 2009 bunge likapitisha kodi mpya ya asilimia 0.45 baada ya mahakama kuiangusha ile ya zamani. Machi 2011 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaiangusha na hiyo mpya. Sababu? Haikutangazwa kwa namna Katiba inavyodai. Zaidi ya dola milioni 60 kwa mwaka zikapotea kwa sababu ya tangazo la gazeti.

Makamishna wakarudi Montgomery kuomba chanzo kingine cha mapato. Wabunge wa eneo lao hawakukubaliana. Mwezi Juni zaidi ya wafanyakazi 500 wa kaunti wakasimamishwa bila malipo, na ofisi za mahakama za pembezoni zikafungwa. Mtu aliyezoea kulipia kibao cha gari lake karibu na nyumbani sasa alilazimika kwenda mjini Birmingham na kusimama kwenye foleni kwa saa kadhaa. Tarehe 9 Novemba 2011 kaunti ikaomba kinga ya kufilisika, ikiwa na madeni ya zaidi ya dola bilioni 4. Kwa Marekani ilikuwa rekodi kwa serikali ya mtaa, mpaka Detroit ilipoipita mwaka 2013. Mwishoni mwa 2012, Cooper Green Mercy, hospitali ya kaunti iliyowahudumia watu wasio na bima, ikaacha kulaza wagonjwa na kufunga huduma za dharura.

Deni kubwa lilitokana na ujenzi wa mfumo wa majitaka na mikopo ya hovyo iliyoufuata, na hilo si kosa la bunge. Lakini fedha za kulipa mishahara, kuendesha jela na kutibu maskini zilikatika kwa sababu kaunti haikuwa na haki ya kujitafutia mapato. Swali ninalojiuliza kila nikisoma habari za miaka ile ni hili: yule mama aliyekuwa akitibiwa Cooper Green amwajibishe nani kwenye kura? Kamishna atamwambia, "Sisi tuliomba, bunge likakataa." Mbunge atamwambia, "Bajeti ni ya kaunti, mimi simo." Wote wawili wana la kusema, na wote wawili wanaondoka salama.

Ipo pia adabu ya bungeni inayozidisha fumbo hili. Mswada wa kaunti ukiletwa, wabunge wa kaunti nyingine hujiweka kando, wengi wasipige kura kabisa. Kwa hiyo uamuzi unabaki kwa kikundi kidogo cha wabunge wa eneo, na mara nyingi seneta mmoja akisema hapana, mswada unakufa kimyakimya. Adabu hiyohiyo ilileta balaa jingine. Katiba inataka mswada wowote unaopigiwa kura kabla bajeti haijapitishwa upate kwanza idhini ya sehemu 3 kati ya 5 za kura za akidi. Wabunge kwa kujiweka kando walikuwa wakipitisha idhini hizo kwa kura chache. Desemba 2015 jaji mmoja akabatilisha sheria ya kodi ya mauzo ya Jefferson kwa hoja hiyo, na ghafla mamia ya sheria za kaunti zilizopitishwa hivyohivyo zikawa mashakani. Novemba 2016 wapiga kura wa jimbo lote wakaombwa kupitisha marekebisho ya kuziokoa, nayo yakapita. Watu wazima, wenye mawakili na bajeti, walikuwa wamefanya kazi miaka mingi juu ya msingi ambao hakuna aliyeukagua.

Wapo wanaosema kaunti zikipewa uhuru zitaiba. Wanamtaja Larry Langford, rais wa zamani wa tume ya Jefferson, aliyekutwa na hatia mwaka 2009 katika mashtaka 60 ya rushwa na mengineyo yaliyohusu biashara ya mikopo ile, akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu wizi ulikuwa wa kweli na walioulipia ni wateja wa majitaka. Lakini Langford aliiba ndani ya mfumo huuhuu wa kuomba ruhusa. Kuinyima kaunti mamlaka ya kujitoza kodi hakukumzuia hata kidogo. Waliomkamata ni waendesha mashtaka wa serikali kuu. Dawa ya wizi ni ukaguzi, hesabu zilizo wazi na mahakama, na kaunti yenye mamlaka yake ni rahisi zaidi kukagua kuliko uamuzi uliogawanywa kati ya tume, seneta na gazeti.

Mwaka 2005 bunge lilipitisha sheria ya kujitawala kwa kiasi. Kaunti ambayo wakazi wake nje ya miji wameipigia kura ya ndiyo inaweza kushughulikia magugu, takataka, magari chakavu, kelele na mbwa wazururao. Kodi haimo. Mtu anaweza kuita hiyo hatua, nami siibezi, lakini miaka yote hii imepita na bado tunazungumzia magugu.

Ninachotaka kinaweza kuandikwa kwenye kurasa chache: marekebisho moja ya Katiba, kwa kaunti zote 67, yanayozipa mamlaka juu ya barabara zao, majengo yao, ada zao na mishahara ya maofisa wao, bila kupita Montgomery. Wanaoogopa kodi waweke sharti kwamba kodi mpya yoyote ipigiwe kura na wakazi wa kaunti inayohusika, na wao pekee. Viti vyote 140 vya bunge la jimbo, 105 vya wawakilishi na 35 vya maseneta, hugombewa kila miaka 4. Mgombea akija kuomba kura, aulizwe kama atapigia marekebisho hayo kura ya ndiyo, na jibu lake liandikwe kwenye gazeti lilelile la kaunti, kwa herufi kubwa kuliko zile za matangazo.