Fungueni kabati la hadubini

Jumamosi iliyopita nilikuwa Tukuyu, wilayani Rungwe, kwenye mahafali ya kidato cha nne. Mtoto wa dada yangu anahitimu, na mjomba ndiye niliyebeba zawadi. Kabla ya risala na pilau, wazazi tulitembezwa madarasani, halafu tukaingizwa maabara. Wanafunzi wawili walikuwa mezani wakituonyesha jinsi wanga unavyogeuka bluu iliyokolea ukidondoshewa iodini. Walieleza vizuri, bila kutetemeka, na niliwapigia makofi kwa moyo wote. Kisha macho yangu yakaenda kwenye kona. Kabati la vioo, kufuli, na ndani yake hadubini mbili zimevalishwa mifuko ya plastiki na kufungwa kamba shingoni.

Nimefanya kazi ya maabara ya hospitali miaka ishirini na miwili, mingi kati ya hiyo nikiwa Kyela. Siwezi kupita mbele ya hadubini kama fundi cherehani asivyoweza kupita mbele ya mshono uliopinda. Nikamuuliza binti yetu, "Hizi mnazitumiaje?" Akageuka kwanza kuangalia kama mwalimu yuko karibu. "Mjomba, hizo hatujawahi kuzigusa. Tulionyeshwa mara moja tukiwa kidato cha pili, tukaambiwa hii ndiyo hadubini, ikarudishwa."

Miaka minne. Somo la bayolojia kila wiki, na kifaa kiko hatua tano kutoka kwenye dawati lake.

Mwalimu wa somo ni kijana mstaarabu, na hakukasirika nilipoomba kuziona. Alikwenda kuutafuta ufunguo kwa mwalimu wa taaluma, akarudi baada ya robo saa. Tulipofungua kamba, plastiki ilikuwa na matone ya maji kwa ndani. Nikafungua lenzi ya mara 40, nikaielekeza dirishani. Ilikuwa imejaa nyuzinyuzi nyeupe zilizotawanyika matawi kwa matawi, kama utando wa buibui uliochorwa juu ya kioo. Kuvu.

Nyie mnaoishi Rungwe mnajua mvua ya huko. Ni zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Viatu ukivisahau uvunguni mwezi mmoja unavikuta vimeota manyoya. Lenzi nayo huota vilevile. Kuvu inataka giza, unyevu na hewa iliyotulia, na mfuko wa plastiki ndani ya kabati lililofungwa unaipa vyote vitatu. Ikishaota hutoa asidi inayokula tabaka jembamba lililopakwa juu ya lenzi. Ukiiwahi unaifuta. Ukichelewa, unafuta kuvu lakini alama inabaki ndani ya kioo milele. Ile ya mara 40 ilishafika huko. Ya mara 10 ilikuwa na vidoadoa tu, ikafutika.

Kwa hiyo kufuli limelinda nini? Vifaa viliwekwa ndani ili visiharibiwe na watoto, vikaharibikia ndani bila mtoto hata mmoja kuvigusa. Nilisimama pale na kile kichuma mkononi nikashikwa na uchungu ambao sikuutarajia siku ya sherehe.

Na dawa yake si ghali. Sisi maabara za hospitali tuliokaa kwenye joto na unyevu tulifundishwa mapema: hadubini inakaa kwenye kabati lenye balbu ya wati 40 inayowaka, ya aina ya zamani inayopata moto, siyo hizi mpya zinazotoa mwanga bila joto. Joto lile dogo linafukuza unyevu. Umeme ukisumbua, weka punje za silika zile zinazobadilika rangi zikishashiba maji. Unazikausha kwenye moto wa taratibu, unazirudisha. Unafunika kwa kitambaa cha pamba kinachopumua. Unafuta oili, ile inayodondoshwa chini ya lenzi ya ukuzaji mkubwa, kila unapomaliza, kwa karatasi laini ya lenzi, kamwe si kwa ncha ya shati. Basi. Na zaidi ya yote hadubini inatumiwa, maana inayotumiwa kila wiki inapata hewa, mwanga, na mtu wa kuona kuvu ikiwa bado changa.

Lakini kioo kinanunuliwa kingine. Kinachoniuma zaidi nilikiona baadaye kwenye daftari la binti.

Nilimwomba anionyeshe alivyochora seli za ngozi ya kitunguu. Mchoro ulikuwa msafi kabisa. Kuta zimenyooka kwa rula, kiini kimewekwa katikati ya kila seli, mistari ya majina imepangwa upande wa kulia. Mwalimu kaweka alama ya vema kwa wino mwekundu. Na chini yake imeandikwa: kama inavyoonekana chini ya hadubini.

Haikuonekana chini ya hadubini yoyote. Ilinakiliwa kutoka kitabuni. Binti alijua, mwalimu alijua, na alama ilitolewa.

Mtu aliyewahi kukaa kwenye hadubini kwa mara ya kwanza anajua kwamba kitu cha kwanza unachokiona ni kope zako mwenyewe. Kisha kivuli cheusi. Kisha viputo vya hewa vyenye ukingo mzito, ambavyo kila mwanafunzi mpya huvichora akidhani ndizo seli. Unarudi kwenye lenzi ndogo, unatafuta mwanga upya, unasogeza slaidi, kile kioo chembamba cha sampuli, kulia nayo inakimbilia kushoto, na ghafla vinatokea vyumba vyumba kama ukuta wa matofali uliolazwa. Kiini wala hakiko katikati. Mara nyingi kimebanwa ukutani. Nilikuwa na miaka ishirini, chuoni, nilipoona hayo kwa jicho langu. Nilichukia kwamba nilikuwa nimeshafaulu mtihani wa jambo hilo bila kuliona.

Mnaweza kusema ni mchoro tu wa kitunguu. Mimi nawaambia nilipofanya kazi Kyela, kabla vipimo vya haraka vya malaria havijaenea, slaidi ya damu ilikuwa uamuzi wa maisha. Kanuni inasema huandiki "hakuna vimelea" mpaka uwe umepitia maeneo 100 ya slaidi kwa lenzi ya oili, ukuzaji wa mara 1,000. Ni kazi ya dakika nyingi. Shingo inauma, foleni nje inanung'unika, watoto wanalia kwa homa. Siku nzito jaribu linakuja: umeangalia maeneo ishirini, hujaona kitu, kalamu iko mkononi. Anayekuzuia wakati huo ni ile tabia iliyojengwa ndani yako kwamba huandiki usichokiona. Nani amemjengea mtoto tabia hiyo, ikiwa shule ilimpa vema nyekundu kwa kuandika "kama inavyoonekana" chini ya kitu alichonakili? Nimewahi kupokea majibu kutoka maabara moja, sitaitaja, yaliyosema damu ni safi. Slaidi ileile nilipoiweka kwenye hadubini yangu, vimelea vilikuwa kila ninapogeuza. Aliyeisoma hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kujaza karatasi.

Haya, nawasikia walimu. Darasa lina wanafunzi 80, hadubini mbili. Kweli. Kikivunjika, mwalimu anaandikishwa maelezo na wakati mwingine anakatwa mshahara. Hilo nalo ni kweli, na ni dhuluma. Sitawalaumu walimu kwa kuogopa kitu ambacho wakubwa wao wamewafundisha kukiogopa. Wizi upo. Nakubali kufuli libaki usiku. Mchana lifunguliwe.

Kuhusu kuvunja: kosa kubwa la mgeni ni moja tu, kushusha lenzi ndefu huku anachungulia juu mpaka inagonga slaidi. Mfundishe aiangalie kwa ubavu wakati wa kushusha, halafu achungulie akiwa anaipandisha. Anza na lenzi fupi kila mara. Somo hilo halimalizi nusu saa, na watoto wa kidato cha kwanza wanalishika kuliko sisi watu wazima.

Tena wana vitu vya kutazama kuliko watoto wa mahali pengine popote. Ukipanda kutoka Tukuyu kuelekea Uyole unapita Isongole, viazi vimepangwa kwenye ndoo barabarani. Kila mama pale anaijua bakajani chelewa, ugonjwa wa viazi unaogeuza shamba kuwa jeusi kwa wiki moja. Chukua jani lenye ule unga mweupe kwa chini, pangusa kidogo, weka kwenye tone la maji, tazama kwa mara 100 na kisha 400. Utaona vifuko vyenye umbo la limau. Huyo ndiye Phytophthora infestans, yuleyule aliyeangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845 na kuleta njaa iliyoua watu kwa mamia ya maelfu. Maji yakiwa ya baridi, chini ya nyuzi 15 hivi, kifuko kimoja kinapasuka na kuachia vijidudu vinavyoogelea vyenyewe kutafuta jani jipya. Nyuzi hizo ni baridi ya kawaida ya usiku kule juu, na umande upo tayari. Mtoto wa mkulima akiviona vinaogelea, hataambiwa tena kwa nini mama anapiga dawa kabla ya ukungu wa asubuhi kushuka, wala kwa nini majani yaliyougua hayaachwi shambani. Ataeleza yeye nyumbani.

Wengine mtaniuliza habari za darubini za angani. Ni yaleyale. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walimiminika Rujewa, wilayani Mbarali, kuona jua likipatwa na kugeuka pete, nami nilikuwepo na miwani yangu maalumu, na nikadhani baada ya siku ile kila shule ya Mbarali ingetaka darubini. (Jua halitazamwi kwa darubini isiyo na kichujio chake mbele, hata sekunde moja. Ndani ya jicho hakuna kinachouma wakati linaungua. Hilo ndilo la kuwakataza watoto, na kwa ukali.) Mimi ninayo darubini ya mkono tu, ile ya 10x50, waliyozoea watu wa mbugani kutazamia ndege. Kiangazi kimoja hapa Mbeya, anga ikiwa kavu na baridi inakata masikio, niliwaita watoto wa jirani, nikawaegemeza viwiko juu ya ukuta ili mkono usitetemeke, nikawaelekeza kwenye sayari ya Mshtarii (Jupita). Wakahesabu nukta nne pembeni yake, zimejipanga kwenye mstari: ndiyo miezi yake mikubwa. Galileo, yule mtazama nyota wa Italia, aliziona Januari 1610, akazifuata usiku baada ya usiku mpaka akajua zinazunguka.

Kesho yake saa mbili usiku waligonga geti wenyewe. Wa kwanza kuchungulia alikuwa wa darasa la nne. Akanyamaza kidogo, akasema, "Babu, ziko tatu. Moja imekwenda wapi?" Sikumjibu. Nilimwambia arudi kesho. Alirudi siku sita mfululizo, na daftari, na michoro yake ilikuwa imepinda na kuchafuka kwa penseli, na kila nukta aliyoichora alikuwa ameiona.

Turudi Tukuyu. Siku ile ya mahafali, lenzi ya mara 10 ikiwa imeshafutwa, mwalimu alitoa kitunguu jikoni kwa wapishi. Tulibandua ngozi, tukaweka tone la iodini iliyobaki mezani, tukageuza kioo kuelekea dirishani. Binti yetu akachungulia na gauni lake la mahafali. "Mjomba, naona giza." Nikamwambia asubiri, atulie. Ni kope hizo. Alipoziona seli alinishika mkono, akasema, "Mbona hazijanyooka?"

Jumatatu napanda Coaster asubuhi. Nimepata balbu mbili za wati 40 kwa fundi mmoja Mwanjelwa aliyekuwa amezihifadhi, na nitashuka Isongole kuchukua majani ya viazi kwenye chupa. Mwalimu amenipigia jana usiku: ufunguo atauomba Ijumaa, akae nao yeye.