Wilbaro ya Siku Mbili

Jumapili moja ya Aprili 2022 niliamshwa na honi. Jirani yangu wa upande wa juu, pale Mamboleo, Kisumu, alitaka kwenda kanisani na gari lake, na mbele ya gari palikuwa na mchanga. Mchanga wangu. Lori la tani saba lilikuwa limefika Jumamosi jioni. Dereva akalitazama lango langu, akalitazama lori lake, akaona giza linaingia, akamwaga mzigo wote kichochoroni. Alipomaliza akanifariji: "Mwalimu, huu unauingiza tu polepole na wilbaro."

Nikamwitikia kama mtu mwenye wilbaro.

Na ninayo, kwa haki kabisa. Niliinunua shilingi elfu nne, bodi ya kijani, rimu ya njano, nikaigeuza nikaandika chini yake kwa rangi nyeupe: MWALIMU. Septemba 2019 rafiki yangu wa Nyalenda akaja kuiazima. Tunamwita Jakom, mwenyekiti, kwa sababu hajawahi kuketi kwenye kamati yoyote akaondoka bila uenyekiti. "Siku mbili tu, omera," akasema. "Namwaga sakafu."

Hapa lazima niseme kitu. Mtu aliyekukopa pesa akikuona sokoni huvuka barabara. Aliyeazima nyundo yako havuki. Anakusalimu vizuri, anakuuliza habari ya watoto, na nyundo ameishika mkononi. Msumeno wangu uliwahi kurudi na meno ya kuhesabika, kama ya babu. Nyundo ilirudi na mpini mpya, nikadaiwa pesa ya mpini. Pimamaji ilirudi haina maji. Nilipouliza, niliambiwa nina roho ndogo kwa mtu aliyesoma.

Basi siku mbili za Jakom zikaisha, nikangoja wiki, kwa heshima. Nikapiga simu. Sakafu haijakauka. Desemba ikawa mvua. Machi 2020 korona ikaingia nchini, na Jakom, ambaye sijawahi kumwona akinawa mikono kabla ya kula samaki wa ngege, akanieleza kwa upole kwamba kipindi hiki si kizuri kupeana vitu mkono kwa mkono. Mwezi wa tano ziwa likapanda mpaka maji yakaingia nyumba za watu Dunga. Akanitumia picha: wilbaro yangu, ndani ya maji, imebeba godoro, na juu ya godoro ameketi bibi kizee mmoja ameshika redio. Ungejibu nini wewe? Nilijibu, "Poleni sana, endeleeni."

Halafu siasa ikaiokota. Chama cha UDA, cha naibu rais wa wakati huo William Ruto, kikachukua wilbaro kuwa alama yake, rangi zake njano na kijani, kikaja nayo kuomba kura nchi nzima. Sasa, Kisumu na Raila Odinga wa ODM, mpinzani wa Ruto tuliyemwita Baba, ilikuwa habari isiyohitaji maelezo. Novemba 2021 msafara wa naibu rais ukarushiwa mawe pale Kondele, na jioni ile ile Jakom akanipigia simu mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu sakafu.

"Mwalimu, umeona habari? Hiyo kitu yako ni kijani na njano. Unataka nipite nayo Kondele nikafie wapi?"

Nilikosa la kusema. Miaka miwili alikuwa anahangaika kutafuta kisingizio kizuri, na sasa taifa zima lilikuwa limekaa chini likamtengenezea.

Lakini mchanga hausikii siasa. Jirani wa juu aliacha gari akaenda kanisani kwa miguu, na kila hatua aliipiga kwa nguvu ili niisikie. Mama watoto akaniambia mambo mawili: mvua ya Aprili haipiti saa tisa, na nisirudi bila wilbaro. Nikavaa shati jeupe, maana nilikuwa bado naamini nitaichukua haraka niwahi ibada ya pili. Nikapanda matatu.

Nilimkuta Jakom uani anakunywa chai. Alinipokea kama ndugu aliyetoka Mombasa, akaniitia kikombe, akaniuliza habari za shule, za mama watoto, za ng'ombe ambaye sina. Nikasema nimefuata wilbaro.

"Iko nyuma ya jiko," akasema, "lakini kuna mtu ndani."

Mtu alikuwa kuku. Kuku mwekundu, mnene, ameketi katikati ya wilbaro yangu juu ya nyasi, ananitazama kwa jicho moja kama karani wa ardhi.

Mke wa Jakom akatoka jikoni. "Shemeji, huyu ana siku kumi na tatu. Zimebaki nane tu. Utamtoaje sasa?"

Mimi nafundisha hesabu. Nikatoa 13 kwenye 21, nikapata mchanga wangu ukiwa ziwani.

Mjadala ulichukua chai vikombe viwili. Jakom, kama mwenyekiti, alipendekeza tuahirishe. Mwishowe shemeji akakubali kuku ahamishwe, akaleta karai, akalitandika nyasi vizuri. Karai lile nililitambua. Lilikuwa langu, la mwaka 2017. Nikanyamaza, kesi moja kwa siku inatosha. Kuku mwenyewe hakukubaliana na uamuzi wa kikao, akanidonoa mkono mara tatu, na mayai kumi na moja yakahamia kutoka chombo changu kimoja hadi chombo changu kingine.

Nilipokuwa natoka nikaliona beleshi langu pia. Lilikuwa limeegemezwa kwenye mlango wa choo, kwa nje, maana kitasa kilikufa na bila beleshi mlango hufunguka wote. Nikaenda kulichukua. Ndani kukasikika mtu anaimba wimbo wa ibada, sauti ya mzee, ametulia kabisa. Nikaliacha.

Wilbaro ilikuwa haina upepo. Niliisukuma mpaka mjini ikilia kama punda, watu wakinipisha, kisha nikapanda nayo hadi Kibuye, maana Jumapili ukikosa kitu Kibuye basi hakijatengenezwa bado. Siku hiyo soko humwagika mpaka barabarani: mitumba, vitanda, masufuria ya jua kali, omena, vipuri vya baiskeli, wahubiri wawili wanaogombea spika moja. Fundi wa pancha akaigeuza, akasoma MWALIMU, akanitazama shati, akasoma tena. Akalitoa tairi.

"Mwalimu, humu hamna tyubu."

"Kuna nini?"

Akavuta. Akavuta tena. Ikatoka suruali ya jinzi, nzima, imekunjwa kwa ustadi kufuata mviringo wa rimu. Ilikuwa ya Jakom. Naijua, alikuja nayo kwenye ubatizo wa mtoto wangu. Mfukoni mlikuwa na shilingi ishirini. Nilizichukua, na sitatubu.

Tyubu mpya ya tairi hilo, 4.00-8 kama anavyosema fundi, pamoja na kazi yake, ilikomba pesa yote niliyokuwa nayo zikabaki zile ishirini za suruali. Nilikuwa nimeinama naikagua pale mama mmoja aliponigonga begani.

"Nyathina, wewe ni wa kufika Kondele kwa pesa ngapi?"

Nyathina! Mtoto wangu! Nina miaka arobaini na sita na kipara kinachoanzia mbele. Alikuwa na magunia mawili ya viazi vitamu, leso kiunoni, na sura ya mtu asiyerudia swali. Nikafungua mdomo kumweleza kwamba mimi ni mwalimu, hii ni mali yangu binafsi, niko safarini. Kisha nikaikumbuka Kondele. Rangi ya kijani. Rimu ya njano, na sasa ina upepo, inang'aa. Wilbaro tupu mwaka ule ilikuwa mkutano wa hadhara. Wilbaro yenye viazi ilikuwa viazi.

"Mia moja," nikasema.

"Hamsini."

"Mama, magunia mawili!"

"Kwani unabeba wewe? Si inabeba gurudumu?"

Tukaafikiana sabini. Hatujafika mbali, kijana mmoja wa darasa la saba, anayeuza mifuko pale sokoni, akasimama njiani. Aliniona, akaona viazi, akaona jasho. Mtoto yule nilimwadhibu muhula uliotangulia kwa kusema hesabu haimsaidii mtu kitu. Hakusema neno. Alitabasamu tu, polepole, akanipisha njia kwa mkono kama askari wa trafiki.

Tulipokaribia Kondele nikainamisha kichwa. Chini ya daraja la juu palikuwa na waendesha boda kama thelathini, wengine wamelala juu ya pikipiki, hakuna abiria, mambo yamedorora. Hiyo ndiyo hatari ya Kondele: si watu wabaya, ni watu wasio na la kufanya. Mmoja akainua shingo.

"Wuololo! Angalieni rimu!"

Wakaamka wote. "Kazi ni kazi!" mwingine akapaza kaulimbiu ya UDA, na wenzake wakamwitikia kwa kelele za kuzomea. "Hasla! Ulipewa lini?" "Ameletewa mpaka mjini!" Wakanizunguka, pikipiki mbele, pikipiki nyuma. Nikasema kwa sauti yangu ya darasani kwamba wilbaro hii niliinunua kabla chama hicho hakijaanza kuitumia, na ninaweza kuthibitisha kwa tarehe. Hakuna kitu kinachochekesha boda kuliko mtu anayetaka kuthibitisha kwa tarehe.

"Igeuzeni tuone imeandikwa nini chini!"

"Haigeuzwi!" Mama wa viazi alikuwa amefika. "Atakayegeuza viazi vyangu nitamgeuza yeye. Wilbaro ni ya kubeba, ninyi mnaibebesha kura. Nani kati yenu mamake hajawahi kusukumiwa mzigo?"

Kimya. Akaifungua leso yake ya juu kiunoni, akaikung'uta, akaitandaza juu ya magunia mpaka ikaning'inia pande zote mbili na kufunika kijani chote. Leso ilikuwa ya rangi ya chungwa, rangi ya ODM, chungwa la kuumiza macho.

Nakuambia sijawahi kuona uchaguzi ukigeuka haraka vile. "Baba!" mmoja akapiga kelele. "Babaaa!" Kufumba na kufumbua vijana wawili wameshika vishikio, mimi nimesukumwa kando, boda nne mbele zinapiga honi, na viazi vitamu vinaingia steji ya Kondele kwa msafara kama mgombea. Mimi nilikimbia nyuma, nimeshika suruali ya Jakom kwapani, naomba wasiiangushe.

Mama alishusha mzigo, akachukua leso yake, akanipa sabini. Akanitazama shati. "Nyathina, tafuta nguo ya kazi," akasema. "Nyeupe inachafuka." Nikampa ile jinzi anitafutie mnunuzi, akaipima kwa macho, akanipa hamsini papo hapo. Kwa hesabu yangu siku ile Jakom, bila kujua, alinilipa shilingi sabini. Ndiyo pesa pekee iliyowahi kutoka kwake.

Kutoka Kondele hadi Mamboleo nilinyeshewa. Mvua ilishuka kama imekatiwa kamba, na niliisukuma wilbaro kichwa chini, maji yakijaa ndani yake, nikilazimika kusimama kila baada ya nguzo mbili za umeme kuyamwaga. Sikuona mtu wa kuniuliza habari za chama. Waliokuwa vibarazani walinitazama kwa huruma tu, ile anayotazamwa nayo mtu ambaye ameshajiamulia.

Nilipoingia kichochoroni mvua ilikuwa imeisha na jua limetoka, jinsi Kisumu inavyopenda kukudhihaki. Nikasimama. Palipokuwa na mchanga wa tani saba palikuwa na mtaro mdogo unaotiririka, na kando yake rundo la kujaza labda sufuria mbili. Jirani wa juu alikuwa anatoa gari lake, amebadilika, uso umechangamka. Akashusha kioo.

"Mwalimu, asante bwana! Umeuondoa haraka hivyo?"

Nikampungia mkono.

Nilikuwa nimeketi juu ya wilbaro langoni, naondoa maji viatuni, nampa mama watoto ripoti ambayo hakuiomba, pale jirani wa upande wa chini alipokuja. Yeye ni mtu mpole sana, mstaafu wa reli, hupiga hodi hata ukiwa umesimama mbele yake.

"Hodi, Mwalimu. Kuna jambo la ajabu kwangu. Mchanga umeshuka na maji, umejaa uwanjani, umeziba hata mlango wa jiko. Mzuri, lakini ni mwingi." Akaitazama wilbaro. "Naona umenunua mpya. Ungenisaidia niuondoe? Siku mbili tu."

Mama watoto akaingia ndani. Nilimsikia akicheka huko jikoni, peke yake, kwa muda mrefu. Nikanyanyuka, nikamsogezea mzee vishikio.

"Ubarikiwe," akasema, akaisukuma hatua chache, akasimama. "Na beleshi, Mwalimu, unalo?"

"Ninalo, mzee," nikamwambia. "Limeshika mlango."