Mfalme wa miaka mitatu hasaini, anasainiwa

Juzi kwenye grupu moja la WhatsApp mtu katupia picha ya Oyo, Omukama (yaani mfalme) wa Tooro huko Uganda, enzi zile za utoto wake, taji kichwani, na basi grupu zima likaanza kucheka, emoji za machozi kibao, mara "bosi mtoto", mara "huyu ndo kazaliwa na bahati yake". Nikaandika palepale kwamba sioni cha kuchekesha. Nikaambiwa nina stress. Sawa, naandika huku basi, maana hili jambo linaniuma kweli na siwezi kulimaliza kwa mistari miwili ya simu.

Tuanze na hiyo bahati. Mwaka 1995 Oyo ana miaka mitatu na nusu hivi, baba yake, Kaboyo Olimi, kafariki muda si mrefu, na kabla mtoto hajaelewa kufiwa ni nini watu wazima wanamvisha taji wanamwambia ufalme wote ni wako. Mtoto amempoteza baba yake jamani, na nyie mnaona bahati.

Na wako wengi. Alfonso XIII wa Hispania alizaliwa 1886 tayari ni mfalme kwa sababu baba yake alikufa yeye akiwa bado tumboni. Jean I wa Ufaransa mwaka 1316 alizaliwa mfalme, akaishi siku tano tu. Mary wa Scotland alirithi kiti ana siku sita. Hapo Burundi Mwambutsa IV alishika umwami (ufalme wa kwao) 1915 akiwa na miaka kama mitatu, nchi iko chini ya Mjerumani, alipoanza kupata akili yuko chini ya Mbelgiji. Hao nawapitia haraka maana ninayetaka kumuongelea alikaa Mengo, makao ya wafalme wa Buganda huko Uganda, na yaliyofanywa kwa jina lake watu bado wanayalipia mpaka leo.

Daudi Chwa alizaliwa Agosti 1896. Agosti 1897, mwaka mmoja tu, kawa Kabaka, yaani mfalme, wa Buganda. Na angalieni, baba yake hakuwa amekufa! Mwanga alikuwa hai kabisa, aliinuka dhidi ya Waingereza Julai ile akapigwa kule Buddu, akavuka kuingia upande wa Wajerumani, yaani huku kwetu, akashikiliwa Mwanza, akatoroka akarudi kupigana tena mpaka walipomkamata 1899 pamoja na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, wakapelekwa Shelisheli. Alifia huko 1903. Kwa hiyo huyu mtoto aliwekwa kwenye kiti cha baba yake wakati baba yuko porini anakitafuta hichohicho kiti. Hakuna aliyemuuliza, na hata angeulizwa angejibu nini, mtoto wa mwaka mmoja?

Wakawekwa wasimamizi watatu. Apolo Kagwa, Katikiro (waziri mkuu wa Buganda), Mprotestanti, yeye ndiye aliyekuwa na nguvu kuliko wote. Stanislaus Mugwanya kwa upande wa Wakatoliki. Zakaria Kisingiri. Si watu wadogo hao na siwezi kusema walikuwa wajinga, Kagwa alikuwa na akili nyingi sana. Ila hawa ndio waliokuwa upande wa Waingereza Mwanga alipopigwa, na ndio hao wakakabidhiwa mtoto wake.

Tarehe 10 Machi 1900 wakasaini mkataba na Sir Harry Johnston, mwakilishi wa Waingereza, kwa niaba ya Kabaka. Kabaka ana miaka mitatu na nusu. Ndani ya mkataba ule ardhi ya Buganda ikakatwa kwa maili za mraba: Kabaka mwenyewe 350, machifu na watu binafsi wapatao 1,000 wagawiwe 8,000, na 9,000 nyingine zilizoitwa pori zisizolimwa zikaenda kwa serikali ya Waingereza, misitu juu yake. Kodi ya nyumba rupia tatu, bunduki rupia tatu. Na kati ya waliogawiwa ardhi ni hao hao walioshika kalamu. Rudia kusoma hapo. Wasimamizi wa mtoto walisaini karatasi kwa niaba ya mtoto, na karatasi hiyohiyo ikawapa wao mashamba.

Mimi sihitaji profesa anieleze hilo, nimeliona likifanyika kwenye kikao cha ukoo. Jirani yetu alifariki akaacha mtoto wa chekechea na shamba la migomba, ukoo ukakaa, baba mdogo akateuliwa msimamizi wa mirathi, watu wakasema alhamdulillah mtoto yuko kwenye mikono salama. Mtoto alipomaliza form four shamba lilikuwa na wenye nyumba watano, wote wana karatasi, karatasi zote zina sahihi ya msimamizi, na kila alipouliza anajibiwa "tulifanya kwa ajili yako, tulikusomesha". Ni kweli walimsomesha. Hakuna aliyevunja sheria hata mmoja na kijana hana hata pa kupanda mgomba.

Sasa kipande kinachoniumiza kuliko vyote ni Chwa akiwa mtu mzima. Miaka ya 1920 wakaja Bataka, wakuu wa koo, wakilia kwamba kwenye ugawaji ule ardhi za koo, zenye makaburi ya mababu zao, zilipewa watu wengine. Wazee wamekuta makaburi ya babu zao yako kwenye shamba la chifu fulani, na ukitaka kuzika unaomba ruhusa. Wakampelekea Kabaka wao, na Kabaka aliwaelewa, akawa upande wao. Ila wakubwa wa Lukiiko (baraza la Buganda), wenye mashamba, Kagwa akiwa mbele, walikataa, na Waingereza mwishowe wakaegemea kwa wakubwa. Yaani mfalme mzima, kaapishwa, anakubali kwamba watu wake wamedhulumiwa, na hawezi kutengua kilichosainiwa kwa jina lake mwenyewe akiwa na umri wa kuchezea matope. Ilibidi ipite sheria ya 1928 ya kuwabana wenye mailo (ardhi zile zilizogawiwa kwa maili 1900) wasimtoze mkulima ovyo, na hiyo ilikuwa kupunguza maumivu tu, ardhi haikurudi. Mwenye rafiki Uganda amuulize leo habari za mailo na kibanja (kipande cha mkulima ndani ya mailo ya mtu mwingine), atakaa hapo mpaka chai ipoe.

Najua mtaniletea Sobhuza. Haya, leteni. Sobhuza II wa Waswazi alikuwa na miezi minne baba yake alipofariki Desemba 1899, bibi yake Labotsibeni akashika usukani mpaka 1921, na huyo mama nakubali, alikuwa mwanamke wa shoka. Wageni walikuwa wameshajichukulia nchi kwa vibali, mwaka 1907 Waingereza wakagawa, Waswazi wakaachiwa kama theluthi moja tu ya nchi yao. Bibi akasema tutainunua. Akachangisha hela, akawaambia vijana waende migodini Johannesburg walete mshahara ardhi irudi, na mjukuu akampeleka shule akijua atapambana na watu wa makaratasi. Kijana kashika kiti, akaenda mpaka London, 1926 kesi ikamshinda huko na bado hakuacha kukomboa ardhi. Akatawala mpaka 1982, karibu miaka 83 ukihesabu tangu utotoni. Kwa hiyo ndiyo, inawezekana. Lakini iliwezekana kwa sababu ya bibi mmoja ambaye hakuwa na hisa kwenye dili, na huwezi kuendesha nchi kwa kuombea kila mtoto ampate bibi kama yule.

Kuna jamaa kwenye grupu akasema mtoto anawekwa ili wakubwa wasichinjane. Wasichinjane? Ivan VI wa Urusi alifanywa mfalme wa dola nzima mwaka 1740 akiwa na miezi miwili. Msimamizi wake wa kwanza alikamatwa ndani ya wiki chache, mwaka uliofuata Elizabeth, binti wa mfalme Peter Mkuu, akapindua, na huyo mtoto, ambaye hajamkosea mtu yeyote duniani, akafungwa. Akatenganishwa na wazazi wake, sarafu zenye sura yake zikaondolewa mikononi mwa watu, jina lake likawa halitajwi. Amekulia kifungoni, akahamishiwa ngome ya Shlisselburg, na walinzi walikuwa na amri kwamba mtu akijaribu kumtoa wamuue kwanza. Mwaka 1764 mtu akajaribu. Wakamuua. Alikuwa na miaka 23 na hakuwa amekumbuka hata siku moja ya huo ufalme wake.

Wakubwa wakitaka kuchinjana watachinjana tu, tofauti ni kwamba sasa mtoto yuko katikati.

Sisemi falme zifutwe, hilo ni la wenye falme zao, na watu wa Tooro wanampenda Omukama wao na wana haki. Ninachosema, kama ukoo lazima uendelee basi kiti kimngoje mtoto, na anayeshika nchi ashike kwa jina lake mwenyewe, asaini kwa jina lake, alaumiwe kwa jina lake. Ardhi asiiguse. Na mtoto akifika miaka 18 mafaili yote yawekwe mezani, kila kilichosainiwa kwa niaba yake akipitie upya, asichokikubali kife hapohapo. Chwa alifika 18 Agosti 1914, mwezi uleule dunia inaingia vitani, akakabidhiwa kiti. Mkataba wa 1900 ulibaki kama ulivyo, na Kagwa aliendelea kuwa Katikiro mpaka 1926.