Mbona hawakukimbilia mahakamani?

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Tangu siku hiyo mtumwa aliyetaka kuwa huru alifunguliwa njia: aende mahakamani, aombe, aandikiwe. Miaka ikapita, na katika miaka hiyo ya mwanzo waliokwenda wakawa wachache ukiwalinganisha na watumwa waliokuwapo visiwani. Kila historia hii inapozungumzwa, swali ni lile lile: mbona hawakukimbilia mahakamani?

Wapo wenye jibu la haraka. Utumwa wa Pwani, wanasema, haukuwa ule wa mashamba ya pamba ya Marekani. Mtumwa alikuwa mtu wa nyumba, akila kilicholiwa humo, akizikwa na wenye nyumba. Na wana ushahidi. Dini ilihesabu kumwacha mtu huru kuwa ni thawabu kubwa. Mtoto wa suria, yaani mtumwa wa kike aliyewekwa kinyumba, aliyezaa na bwana wake alizaliwa huru, akarithi pamoja na ndugu zake. Mzalia, yaani mtumwa aliyezaliwa Pwani, hakuwekwa daraja moja na "mjinga", mgeni aliyeshushwa juzi kutoka jahazini. Kibarua wa mjini alijitafutia kazi, akampelekea bwana fungu lake, lililobaki likawa lake. Hayo yalikuwapo na hayafai kufichwa.

Lakini kutoka hapo mpaka kusema "basi walikuwa wameridhika" ni kuruka bonde zima. Aliyebaki shambani anageuzwa shahidi wa bwana wake, naye hajaulizwa neno. Nadhani wanaosema hivyo hawajajiuliza amri yenyewe ilimtaka nini mtu huyo.

Ilimtaka haya. Aliyetambuliwa kuwa huru atatoa kodi na kufanya kazi za serikali kadiri zitakavyowekwa kwa raia wote. Tena itampasa aonyeshe kwamba ana makazi maalumu na njia ya kujikimu, na asipoweza atatangazwa mzururaji.

Sasa mtazame mchuma karafuu mmoja wa Pemba. Kibanda chake cha miti na udongo kimesimama ndani ya shamba la bwana. Katikati ya mikarafuu amepanda mihogo, ambayo ndiyo chakula chake, na jembe linalopalilia mihogo ndilo linaloisafishia mikarafuu magugu. Mti wa kudumu hapandi, kwa sababu visiwani ardhi inaweza kuwa ya huyu na mti ukawa wa yule, na mwenye mti ana dai. Anaachiwa kile kinachong'olewa kikaisha. Mtu huyu aende mahakamani. Hakimu atamwandikia uhuru wake, kisha atamuuliza: unakaa wapi? Jibu la kweli ni kwamba anakaa kwa bwana. Unaishi kwa nini? Kwa mihogo iliyo katika ardhi ya bwana. Ili asiitwe mzururaji, mtu huru alihitaji radhi ya yule yule aliyetoka kumkana mbele ya hakimu dakika chache zilizopita.

Kila nikikirudia kifungu hiki naona jambo moja. Utumwa ulikuwa umemnyima mtu kila kitu ambacho amri ilimtaka akioneshe kabla ya kukaa kwa amani. Kwa miaka yote bwana ndiye aliyekuwa makazi yake, bwana ndiye njia yake ya kujikimu. Mzururaji wa kwanza anayetengenezwa na sheria ya namna hiyo ni mtumwa mwenyewe, saa ile ile anapoacha kuwa mtumwa. Karafuu ilikuwa inangoja kuchumwa, mapato ya serikali yalikuwa humo, na waliotunga amri walilijua hilo vizuri sana.

Hata fidia ilikwenda kwa bwana. Uingereza ilikuwa imekwisha kufanya hivyo katika makoloni yake kwa sheria ya 1833, ilipotenga pauni milioni 20 kwa wenye watumwa, na waliotumikishwa wasipate hata senti. Zanzibar ilifuata njia hiyo: aliyepoteza mali alilipwa, aliyekuwa mali hakulipwa.

Masuria nao waliachwa nje kabisa. Amri iliwahesabu kama wake wa nyumbani, na aliyetaka kutoka ilimpasa adai kuwa ametendewa ukatili. Hali hiyo ilidumu mpaka sheria ya 1909. Anayewahesabu wanawake hao miongoni mwa "walioridhika" anamhesabu mtu aliyefungiwa mlango.

Upo upande mwingine wenye hoja nzito kuliko ile ya utumwa mpole, nao ni wa wale wanaoitetea amri yenyewe. Wanasema tusiitazame kwa vyeti vilivyotolewa, tuitazame kwa kile ilichomnyang'anya bwana. Tangu 1897 hakuna mahakama iliyokubali kusikiliza dai lolote la bwana juu ya mtumwa wake. Aliyeondoka hakuweza tena kurudishwa kwa hukumu. Kwa hiyo hata asiyeandikishwa alipata nguvu ambayo jana hakuwa nayo.

Naikubali hoja hiyo bila kusitasita, na naona inawatetea waliobaki kuliko inavyoitetea serikali. Watu waliitumia nguvu hiyo bila kupita kwa hakimu. Wengine waliondoka kimya kimya, wakahamia shamba jingine au wakavuka kwenda Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe. Wengine walibaki pale pale, wakapatana upya na mwenye shamba juu ya siku za kazi na kiwanja cha mihogo. Rejesta ya mahakama haina habari zao. Wanaohesabu vyeti wanahesabu njia moja tu ya kutoka, tena ile iliyokuwa na miiba mingi.

Halafu tutazame walichokuwa wanakitafuta. Leo tukisema uhuru tunafikiria kuachwa, kutokuwa na wa kukutawala. Katika Kiswahili cha zamani cha Pwani, kinyume cha mtumwa kilikuwa muungwana, na muungwana hakuwa mtu asiye na mtu. Alikuwa na ukoo, na jamaa wa kumzika, na nguo iliyomsitiri, na neno lililosikilizwa. Wanawake waliotoka utumwani waliacha kaniki, ile nguo nyeusi ya kazi, wakajifunga kanga, na baadaye wakavaa buibui. Hakimu hakuwa na cheti cha kanga. Tunaposema muungwana ni kitendo, mimi naisikia humo sauti ya mtu anayekataa kuulizwa babu yake alikuwa nani.

Sheria ya dini nayo ilikuwa na uzito wake. Mwanamke aliyeachwa huru, akiwa hana jamaa wa damu wa kumwoza, walii wake alikuwa yule aliyemwacha huru. Je, aliyeachwa huru na serikali, nani atamwoza? Ndiyo maana kauli ya bwana ya kumwacha mtu huru iliendelea kutafutwa hata baada ya serikali kutangaza kwamba haihitajiki tena. Ukiitazama kwa mbali, inaonekana kama unyonge. Aliyeitafuta alikuwa anataka ndoa isiyotiwa doa na watoto wasionyooshewa kidole.

Nakiri njia hiyo ilikuwa na gharama kubwa. Heshima inayoombwa kwa bwana inamwacha bwana akishika funguo. Yule yule aliyekuwa walii alikuwa na dai pia katika mirathi ya mtu aliyeachwa huru naye, kama marehemu hakuacha warithi. Na swali la asili liliendelea kuulizwa kwenye posa kwa vizazi kadhaa. Wanaosema kwamba uungwana ulikuwa mali ya waungwana, na kwamba kuukimbilia ni kukubali mizani yao, wana haki ya kusema hivyo. Ninachokikataa ni kusema kwamba waliobaki hawakujua wanataka nini.

Karibu 1880 alizaliwa katika kijiji cha Fumba, Unguja, mtoto wa kike ambaye wazazi wake walikuwa watu wa asili ya utumwa, akapewa jina la Mtumwa binti Saad. Alikua akifinyanga vyungu na kutembea kuviuza, kisha akaja mjini akakaa Ng'ambo. Jina la Siti, yaani bibi mwenye hadhi, alilipata kwa kuimba. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri mpaka Bombay, sauti yake ikatiwa kwenye santuri. Mwaka huo huo watu wa Ng'ambo, wengi wao watumwa wa zamani na watoto wao, waligoma kulipa kodi ya ardhi waliyojengea nyumba zao. Hakimu wa 1897 aliambiwa amuulize mtu huru anakaa wapi. Miaka 31 baadaye waliobanwa na swali hilo walikuwa wanamuuliza mwenye ardhi imekuwaje kuwa yake.